Kabla ya Kumwita Mwizi wa Ushuru, Taja Uongo Wake

Hakuna binadamu anayeweza kujitetea dhidi ya jumla. Mpe tarehe, atakuonyesha alikuwa wapi. Mpe risiti, atakuambia ilitoka duka gani na nani aliitia sahihi. Mpe tarakimu aliyoijaza kwenye ritani yake, atakueleza aliipata vipi. Lakini ukimsimamisha kizimbani ukamwambia kwamba kati ya mwaka huu na mwaka ule aliiibia serikali mamilioni, umemziba mdomo hata kabla kesi haijaanza. Huo ndio udhalimu ninaoupinga leo, na sitapunguza sauti.

Msimamo wangu ni mmoja. Shtaka la ulaghai wa ushuru ambalo halitaji uongo wenyewe, yaani ritani ipi, ya kipindi gani, ilisema nini, ilipaswa kusema nini, na mshtakiwa alijuaje kwamba anadanganya, halistahili kusomwa katika mahakama yoyote ya Kisii, Nyamira, Keroka wala Ogembo. Hakimu asilipokee kwa matumaini kwamba mashahidi watalinyoosha mbele ya safari. Alikatae siku hiyo hiyo lilipofika mezani pake.

Simtetei mwizi wa ushuru. Mkandarasi anayelipwa na kaunti kwa ajili ya zahanati au barabara, kisha akazijaza hesabu zake ankara za kampuni hewa ili asitoe hata senti, anawaibia wagonjwa wanaolala wawili wawili kitandani. Nataka ashtakiwe, ahukumiwe na alipe. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 imempangia adhabu yake: faini ya hadi shilingi milioni 10 au mara mbili ya ushuru aliokwepa, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Ni adhabu ya kumfilisi mtu na kuivunja nyumba yake. Dola inayotaka kumtwika raia mzigo wa namna hiyo ina wajibu wa kumwambia waziwazi amefanya nini.

Na wajibu huo hatuuombi kama fadhila. Kifungu cha 50(2)(b) cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka lake kwa undani wa kutosha kumwezesha kulijibu. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinadai hati ya mashtaka itaje kosa mahususi pamoja na maelezo yanayohitajika ili mtu aelewe anatuhumiwa nini. Kifungu cha 135 kinasema makosa yakiwa zaidi ya moja, kila moja liandikwe peke yake kama shtaka lake. Kifungu cha 137 kinataka lugha ya kawaida. Mwaka 2004, katika kesi ya Sigilani, Mahakama Kuu iliweka msingi ambao mawakili wanaunukuu hadi leo: kosa liwe linajulikana kisheria, na lielezwe wazi bila utata, ili mshtakiwa aweze kulijibu na kuandaa utetezi wake. Sheria tunayo, tena ya kutosha. Tunachokosa ni watu wa kuitekeleza pale mlangoni.

Sasa tazama jinsi hati mbovu inavyoandikwa. Hii nimeitunga kwa mfano, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama ataitambua sura yake. Inasema kwamba mshtakiwa, kati ya Januari 2019 na Desemba 2023, mahali pasipojulikana ndani ya Jamhuri ya Kenya, kwa kujua, alikosa kutangaza mapato yake na hivyo akakwepa kulipa ushuru wa shilingi milioni 38. Basi. Miaka mitano imefungwa kwenye sentensi moja. Ushuru wenyewe hautajwi kama ni wa mapato au ni VAT. Ritani ya VAT huwasilishwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ya mapato huwasilishwa mara moja kwa mwaka, mwisho wake tarehe 30 Juni. Katika miaka hiyo mitano mfanyabiashara mmoja anaweza kuwa amewasilisha ritani zaidi ya 60. Ni ipi kati ya hizo iliyo na uongo? Hati haisemi. Yameandikwa maneno ‘kwa kujua’, nayo yameachwa yaning’inie bila tendo hata moja la kuyaegemea.

Hati halali ya kosa lile lile ingeandikwa hivi: kwamba tarehe 20 Aprili 2022, mshtakiwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Keroka, aliwasilisha ritani ya VAT ya mwezi wa Machi 2022 akitangaza mauzo ya shilingi 410,000, ilhali alijua mauzo yake ya mwezi huo yalikuwa shilingi 2,910,000, kwa kuwa yeye mwenyewe alitia sahihi ankara za saruji na mabati za shilingi 2,500,000 alizomuuzia mkandarasi fulani, akaziacha nje, na kwa kufanya hivyo akakwepa VAT ya shilingi 400,000, ambayo ni asilimia 16 ya kiasi alichoficha. Hapo mtu amejulishwa. Kama hakuuza, atasema hakuuza. Kama saruji ilirudishwa, ataleta hati ya kuirudisha. Kama ni kweli, mwendesha mashtaka ana kesi safi ambayo hakuna wakili atakayeivunja. Hati hiyo haihitaji kurasa kumi. Inamhitaji mpelelezi aliyeifanya kazi yake kabla ya kumpeleka mtu kortini.

Wakubwa wa ushuru watasema hesabu za wafanyabiashara wetu ni tata mno, kwamba hawa watu hawaweki vitabu, na kwamba njia pekee ni kuchukua taarifa za benki na kujumlisha kila kilichoingia. Hapo ndipo Gusii inapoumia. Anayedhani kila shilingi inayoingia kwenye akaunti ya mfanyabiashara wa Kisii ni mauzo hajui pesa za Kisii zinavyotembea. Mwezi wa Oktoba bonasi ya majani chai inapotoka, jamaa wa kijijini humwachia mwenye duka pesa zao awawekee. Ndugu walioko Minnesota, ambako Wakisii wamejaa, hutuma dola za kujenga nyumba ya mama, na anayezipokea ni yule ndugu mwenye akaunti na duka la vifaa vya ujenzi. Chama cha akina mama humchagua mwenye biashara kuwa mweka hazina kwa sababu ndiye anayeaminika. Mchango wa matibabu ya mgonjwa hupitia simu yake. Mkopo wa Sacco huingia hapo hapo. Mpelelezi aliyeketi ofisini hujumlisha yote hayo, huyaita mapato, huyapigia hesabu ya ushuru, kisha jumla hiyo huhamishwa kama ilivyo hadi kwenye hati ya mashtaka. Uongo uko wapi hapo? Yule mtu alitangaza mauzo yake. Fedha ya dada yake hakuitangaza kama mauzo kwa sababu si mauzo.

Chukua na mfano wa ndizi. Mama anayekusanya ndizi Suneka na kuzipakia lori la kwenda Nairobi anaweza kuzungusha zaidi ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, na hicho ndicho kiwango ambacho mfanyabiashara akikifikia, sheria ya VAT ya mwaka 2013 inamtaka ajisajili. Mpelelezi mvivu ataona milioni 5, ataona hakuna usajili, ataandika: alikwepa VAT. Lakini mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT, na kiwango cha milioni 5 kinahesabu mauzo yanayotozwa ushuru huo, si kila mauzo. Ndizi mbichi ya Kisii haimo. Hati ikisema tu ‘bidhaa’, hakimu hatalijua hilo. Hati ikilazimika kusema ‘ndizi’, shtaka linakufa pale pale, maana kosa lenyewe halipo katika sheria za Kenya. Neno moja tu ndilo linalomtenganisha mama huyo na rumande, na ni neno ambalo hati mbovu imelificha.

Kisha kuna saiba. Nenda mjini Kisii wiki ya mwisho ya Juni uone foleni. Kijana anayepiga kopi na kuchapa barua za kazi ndiye anayejaza ritani za nusu ya mtaa. Mteja anamtajia nambari yake ya PIN na nywila, analipa ada ndogo, anarudi sokoni. Kijana wa saiba anabonyeza ritani ya sufuri kwa sababu ndiyo ya haraka. Miaka minne baadaye, yule mteja, ambaye wakati huo alikuwa na kibanda cha mitumba, anaambiwa kwamba ‘kwa kujua’ alitoa taarifa ya uongo kwa Kamishna wa ushuru. Alijua nini? Hakuiona skrini. Na kuna jambo baya kuliko hilo. Kenya inapigana na walaghai wanaosajili biashara kwa majina ya watu wengine, wakauza ankara za bidhaa ambazo hazipo, kisha wakatoweka. PIN iliyoachwa mikononi mwa mgeni inaweza kufanya kazi hiyo bila mwenyewe kujua. Mwenye hatia ni yule aliyeuza ankara, na yule aliyeinunua akijua ni ya uongo. Lakini hati inayotaja PIN peke yake, bila kusema nani alikaa mbele ya kompyuta na nani aliipokea pesa, itamkamata aliyeibiwa jina na kumwacha aliyemwibia.

Kosa la kifungu cha 97 cha Sheria ya Taratibu za Kodi limejengwa juu ya kujua. Ukiuondoa ujuzi, hakuna jinai, kuna deni. Na dawa ya deni ni kulipa. Sheria imeipa Mamlaka ya Ushuru, KRA, silaha tele za kudai deni: riba ya asilimia 1 kwa mwezi, adhabu ya asilimia 20 ya ushuru uliopungua, inayopanda hadi asilimia 75 mtu akithibitika kuwa alifanya makusudi, na amri kwa benki ya mtu au kwa wadeni wake wailipe KRA moja kwa moja. Mwenye silaha hizo zote hana sababu ya kukimbilia pingu kila hesabu zinapotofautiana. Tena kifungu cha 80 cha sheria hiyo hiyo kinakataza mtu kutozwa adhabu ya kiutawala na kushtakiwa kwa tendo lile lile. Kamishna lazima achague moja. Hati isiyotaja tendo inalizima hata katazo hilo. Utajuaje kwamba mtu anaadhibiwa mara mbili kwa jambo moja, kama hukuambiwa jambo lenyewe ni lipi?

Na hapa kuna hila ambayo watu wengi hawaioni, nami nataka wananchi waione. KRA inapokupa makadirio ya ushuru, una siku 30 za kupinga. Kamishna akikukatalia, una siku 30 za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru, lenye makao yake Nairobi. Huko, kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Kodi kinasema mzigo wa kuthibitisha ni wako: wewe ndiwe unayepaswa kuonyesha kwamba Kamishna amekosea. Kwa kudai deni, hilo linaeleweka. Mwenye vitabu ni wewe. Lakini katika kesi ya jinai mambo hugeuka. Jamhuri ndiyo inayopaswa kuthibitisha, tena pasipo shaka yoyote ya maana, na mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Sasa mwendesha mashtaka anapochukua tarakimu ya makadirio, ambayo ilikubalika kwa sababu tu mtu alishindwa kusafiri au kumlipa mhasibu ndani ya siku 30, akaibandika kwenye hati ya mashtaka, ameivusha kanuni ya deni hadi kwenye jinai. Mshtakiwa anajikuta akithibitisha kwamba yeye si mwizi. Katiba haikubali hilo, na hakimu anayelinyamazia amelikubali kwa niaba yetu.

Halafu tunaambiwa kila mtu anajua sheria. Sheria ipi? Ushuru wa mauzo wa wafanyabiashara wadogo ulikuwa asilimia 1 tangu mwaka 2020. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikaupandisha hadi asilimia 3 kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Sheria hiyo nzima inakiuka Katiba. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 29 Oktoba 2024 ikaubatilisha na kusema Sheria ni halali. Majaji wabobezi walivutana zaidi ya mwaka mmoja kuhusu kilicho sheria na kisicho sheria. Kisha mwenye duka la rejareja pale Kebirigo aliyelipa asilimia 1 badala ya 3 aambiwe alikuwa ‘akijua’? Ajulishwe alijua kupitia barua ipi, ilani ipi, mazungumzo yapi na afisa yupi. Bila hayo, neno ‘kujua’ ni wino tu.

Siku ya kujibu mashtaka ndiyo inayoniuma zaidi. Mzee anasimama kizimbani. Karani anamsomea kwa Ekegusii maneno ya jumla: hukulipa ushuru wa serikali, ni kweli au si kweli? Mzee ni mkweli. Anajua kuna mwaka hakulipa. Duka lilichomeka, au mke alilazwa hospitalini. Anasema ni kweli, sikulipa. Inaandikwa: amekiri. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, mahakama za Afrika Mashariki zimeshika kanuni kwamba shtaka na maelezo yake yote yasomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, ukweli wa kesi usimuliwe, na akipinga lolote iandikwe kwamba amekana. Lakini ukisoma neno kwa neno hati isiyo na maelezo, umesoma nini? Mzee amekiri deni, mahakama imeandika ulaghai. Na aliyekiri hana rufaa juu ya hatia. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamwachia kulalamikia tu uzito na uhalali wa adhabu. Maisha yamekatwa kwa jibu la kweli lililotolewa kwa swali la uongo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nitajibiwa kwamba nataka wezi waponyoke kwa vijisababu vya karatasi. Sitaki. Hati iliyokosea herufi ya jina, au tarehe kwa siku moja, isimwokoe mtu. Kifungu cha 382 cha sheria hiyo ya mwenendo wa jinai kinasema hivyo, na kifungu cha 214 kinaruhusu hati irekebishwe kesi ikiendelea. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ililiweka vizuri: kipimo ni cha kiini. Je, kosa lipo kisheria, na limeelezwa kwa usahihi wa kutosha kumjulisha mshtakiwa analojibu? Nakishika kipimo hicho hicho. Kwa kipimo hicho, hati isiyotaja ritani haijakosea herufi, imekosa kiini. Wapo pia watakaosema maelezo yatapatikana kwenye taarifa za mashahidi. Katiba imetenganisha haki hizo mbili kwa makusudi: kujulishwa shtaka ni kifungu cha 50(2)(b), kupewa ushahidi mapema ni 50(2)(j). Huwezi kumtupia mtu rundo la taarifa za benki ukamwambia atafute kosa lake mwenyewe humo ndani. Kulitafuta ilikuwa kazi yako.

Na msidanganyike kwamba ulegevu huu unawabana wakubwa. Unawanufaisha. Agosti 2019 taifa zima lilisikia mashtaka dhidi ya wamiliki wa kampuni ya bia ya Keroche kuhusu ushuru wa zaidi ya shilingi bilioni 14, na mwezi huo huo mashtaka dhidi ya tajiri Humphrey Kariuki yakihusu shilingi bilioni 41. Washtakiwa walikana. Haki yao ya kuhesabiwa kuwa hawana hatia ni sawa na ya mama wa ndizi, nami sina neno juu ya hatia yao. Nauliza tu: yupo Mkenya anayekumbuka ritani gani ilitajwa? Tulipewa tarakimu ya kutetemesha na kamera za kumulika. Tajiri akikuta tundu kwenye hati, ana mawakili wa kulipanua. Atakwenda Mahakama Kuu kesho yake asubuhi kuomba kesi isimamishwe, na mara nyingine atakuwa na haki kabisa. Maskini mwenye hati yenye tundu lile lile atakwenda rumande. Hati butu inamkata asiye na wakili, na inavunjikia mikononi mwa mwenye wakili. Anayetaka walaghai wakubwa wafungwe kweli anapaswa kuwa wa kwanza kudai hati zilizoandikwa kwa usahihi. Tangu kesi ya Yongo ya mwaka 1983 mahakama zetu zimesema hati isiyolingana na ushahidi ni hati yenye kasoro. Na hati ya jumla hailingani na ushahidi wowote, kwa sababu haikusema chochote cha kulinganishwa.

India hawamwachii mwendesha mashtaka peke yake. Katika kesi nzito, hakimu au jaji husikiliza pande zote mbili kwanza, huangalia kama kuna msingi, kisha mahakama yenyewe ndiyo inayoandika shtaka. Pasipokuwa na msingi, mtu huachiliwa. Kwetu, hati huja imeandikwa, husomwa, mtu hujibu, dhamana hupangwa. Mtihani wa kweli wa kwanza huja baada ya mashahidi wa Jamhuri kumaliza, mahakama inapoamua kama kuna kesi ya kujibu. Kipimo chake tumekirithi kutoka kesi ya Bhatt ya mwaka 1957: je, mahakama yenye busara ingeweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi huu kama hakusema lolote? Ni kipimo kizuri, lakini kinafika kwa kuchelewa. Mpaka siku hiyo, duka limefungwa, wasambazaji wamekimbia, watoto wamefukuzwa shule kwa karo, na jina la mtu limeshatangazwa redioni.

Lakini mlango tunao hata sisi. Kifungu cha 89(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema hakimu akiona hati haionyeshi kosa, atatoa amri ya kuikataa na ataandika sababu zake. Sheria haikusema anaweza akipenda. Imesema atafanya. Mamlaka hayo yamelala kwenye rafu za mahakama zetu. Nawaambia mahakimu wa Gusii kwa heshima yote wanayostahili: waheshimiwa, yaamsheni. Ritani haijatajwa? Ikataeni. Miaka mitano imerundikwa kwenye shtaka moja? Ikataeni. Aina ya ushuru haijulikani, au ujuzi wa mshtakiwa haukuegemezwa kwenye tendo lolote? Ikataeni, andikeni sababu, na mwendesha mashtaka arudi na hati iliyopikwa ikaiva. Hati mbili tatu zikirudishwa kutoka Keroka na Nyamira, ofisi za juu zitajifunza kuandika.

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma nasema: ofisi yako ilitoa Mwongozo wa Uamuzi wa Kushtaki wa mwaka 2019, unaodai ushahidi upimwe kwanza, kisha maslahi ya umma. Katiba yenyewe, kifungu cha 157(11), inakuamuru ujali haki na uzuie matumizi mabaya ya taratibu za kisheria. Basi usikubali faili la ushuru linaloishia kwenye jumla ya benki. KRA ina haki ya kuchunguza. Uamuzi wa kumpeleka mtu kizimbani ni wako, na usiugeuze kuwa muhuri wa wakusanya madeni.

Kwa mawakili wa Kisii na Nyamira: acheni kungoja hatua ya kesi ya kujibu ndipo mlalamikie hati. Simameni kabla mteja hajafungua mdomo. Na kwa kuwa wengi wanaoshtakiwa hawana uwezo wa kuwalipa, chama chenu kiweke zamu ya wakili wa bure siku za kujibu mashtaka ya ushuru. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja inayoweza kumwokoa mtu miaka 10.

Na wewe mfanyabiashara, lipa ushuru wako, weka risiti zako, badilisha nywila yako na usimwachie mtu wa saiba ajaze asichokijua. Ukiitwa mahakamani na kusomewa maneno ya jumla, usikiri, usikane upesi. Mwambie hakimu, kwa Kiswahili au kwa Ekegusii, kwamba Katiba inakupa haki ya kujua: ni ritani gani, ya mwezi gani, na uongo uko kwenye mstari upi? Swali hilo si jeuri. Ni haki yako, na mpaka lijibiwe kwa maandishi ndani ya hati yenyewe, hakuna anayestahili kukuita mwizi.